Zamu ya Justina

Kiriba, Musoma Vijijini
11 Januari 1987

Wifi yangu Justina,

Usishangae mwandiko, ni mimi Marcelina, dada yake marehemu Masatu. Tangu tumalize matanga ya Masatu ukachukua watoto na kurudi kwa baba yako Nyamuswa, mwaka umepita na hatujaandikiana hata mstari. Mwanzoni nilidhani unataka kukaa kimya na msiba wako. Halafu siku zikazidi kupita, na mtu akishakaa kimya muda mrefu anaonaga aibu kuanza. Leo naanza.

Mama hajambo. Magoti yanamsumbua lakini dagaa bado anaanika mwenyewe. Kaka Burito na mkewe Esta wapo, watoto wao wanakua. Mimi tangu niachike nipo hapahapa kwa mama, na sasa nimezoea.

Kwanza nikushukuru, maana sikuwahi. Yale mabati uliyomwachia mama, Mungu akulipe. Kaka Burito alipotuambia umesema yaezuliwe kwenye nyumba yako yaje kumfunika mama, mama alilia. Masika iliyopita ndiyo ya kwanza hatukuhamahama na vitanda kutafuta pakavu.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Wanawake wa hapa kijijini tumeanzisha kikundi, tunakiita Tujengeane. Nyumba zetu unazijua: miti, udongo na nyasi. Mchwa anakula chini, moto unakula juu, na kila baada ya miaka michache unaanza upya. Mabati yale ya wakati wenu yalikuwa ya kibali, hayaonekani. Siku hizi yamejaa madukani Musoma, yanang'aa mpaka yanaumiza macho, lakini ukiuliza bei unarudi nyumbani unatazama vidole vya miguu. Zamani tulikuwaga na foleni bila bidhaa, sasa kuna bidhaa bila foleni. Tukaona tusisubiri. Misheni ya Nyegina kuna fundi anaitwa Rafaeli, ametufundisha kutengeneza vigae vya kuezekea kwa udongo wa bondeni. Vinachomwa kwenye tanuru moja na matofali. Saruji hatutumii. Tunachonunua ni mbao na misumari, na hivyo tunavitoa kwenye dagaa. Tunajengeana kwa zamu. Mwaka jana tumemaliza nyumba ya kwanza, ya Getruda, mjane wa Isidori. Mvua za vuli zimepita juu yake na haijavuja.

Jina lako nimeliingiza. Nyumba yako imebaki kuta, na kuta zenyewe mvua imezila, ila kiwanja kipo. Zamu yako ni kiangazi hiki. Njoo.

Ni mimi wifi yako,
Marcelina


Nyamuswa
2 Februari 1987

Marcelina,

Barua yako nimeipata. Nafurahi mama hajambo na kwamba havujiwi.

Watoto wazima. Mbuke yuko darasa la pili. Mdogo anatembea.

Mimi nalima na baba. Sina haja ya nyumba Kiriba. Nilikuwa nayo.

Kuhusu shukrani zako za mabati, sijui ulitaka nijibu nini. Kama ulitaka nicheke, sikucheka.

Msalimie mama.

Justina Mihayo


Kiriba
15 Februari 1987

Justina,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini nikaisoma tena. Umetia sahihi Justina Mihayo. Miaka yote hapa ulikuwa Justina Masatu.

Kama nimekukosea, nitajie kosa lenyewe, usinipe baridi tu. Nimejaribu kufikiri. Naanza na mabati kwa sababu ndipo ulipokazia wewe. Siku ile kaka Burito alikuja na ngazi na vijana wawili. Akatuambia, mimi na mama, kwamba umemwagiza kutoka Nyamuswa. Maneno yake yalikuwa haya: "Shemeji ametoa kwa moyo wake, hataki mama alowe." Mama akauliza mara mbili kama ni kweli. Akasema ni kweli. Mimi mwenyewe nilimshikia ngazi, Justina. Niliyapokea mabati moja moja nikayalaza kwenye nyasi kwa uangalifu yasipinde, kwa sababu nilijua mlivyoyahangaikia.

Kama kuna neno nyuma ya hilo, mimi silijui. Niambie. Ukikataa kuniambia nitakuja Nyamuswa kwa miguu.

Marcelina


Nyamuswa
1 Machi 1987

Wifi Marcelina,

Kumbe ulishika ngazi. Mimi nilichojua ni kwamba unalala chini ya mabati hayo. Mwanamke wa Kiriba niliyekutana naye mnadani Bunda aliniambia mabati yangu yako juu ya nyumba yenu wewe na mama. Nikaamini mlikaa wote mkakubaliana. Barua yako ya kwanza ilipokuja na shukrani, nikasema, huyu ananikejeli.

Sikutoa mabati. Sikumwagiza mtu. Nitakuambia ilivyokuwa, halafu tusilirudie sana.

Baada ya matanga, watu walipokwisha kutawanyika, shemeji Burito alinikuta namenya mihogo. Akakaa kwenye kigoda cha Masatu. Akasema kwa mila mimi sasa ni wake, na watoto ni wa ukoo, na Esta ameshaambiwa. Alisema kama mtu anayetoa ratiba ya kazi. Nikamwambia, "Shemeji, nakuheshimu kama kaka wa mume wangu, na ninataka niendelee kukuheshimu." Akasema, "Basi ondoka na ulichokuja nacho." Nilikuja na masufuria na mkeka. Nikachukua na watoto, maana hao sikuja nao lakini nilikuwa nimewazaa. Kesho yake asubuhi nilikuwa barabarani.

Sikuwaambia ninyi kwa sababu yeye ni kaka yako na ni mzaliwa wa kwanza wa mama. Niliona nikisema, mtalazimika kuchagua, na hamtanichagua mimi.

Mabati yale yalitoka kwenye pamba niliyolima kwa mkono wangu, msimu juu ya msimu. Masatu ndiye aliyekuwa akienda Musoma kufuatilia kibali, akirudi na vumbi na majibu ya njoo kesho. Siku yalipofika tulikaa nje tukayatazama mpaka chakula kikapoa.

Sasa nisikilize. Mabati msiyashushe. Mama hajanikosea, na sitamfunua mama mkwe wangu mvua ziko mlangoni. Ninachotaka ni lisemwe mbele ya watu kwamba sikutoa, na aliyesema nilitoa awepo. Zaidi ya hapo sidai kitu.

Justina


Kiriba
20 Machi 1987

Kwako Bi. Justina Mihayo,

YAH: MABATI NA KIWANJA CHA MAREHEMU MASATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimearifiwa kwamba umeandika barua zenye kuleta mfarakano katika familia hii. Dada yangu amenifuata shambani mbele ya vibarua na kunisemesha maneno ambayo mtu hasemeshwi na mdogo wake.

Ninakukumbusha yafuatayo. Mali ya marehemu ni mali ya ukoo. Mke aliyeondoka kwa hiari yake hana tena sehemu katika mali hiyo wala katika kiwanja. Mabati niliyaweka mahali panapostahili, juu ya mama mzazi wa marehemu, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kusema nilifanya vibaya. Neno kwamba wewe umeyatoa nililisema kwa ajili ya kulinda amani ya mama, na pia kukutunzia wewe heshima, maana ilikuwa vizuri zaidi kwako kuonekana umetoa kuliko kuonekana umeacha.

Kuhusu hicho kikundi cha wanawake, sikitambui. Kiwanja nitakilima mihogo.

Ukiwa na hoja, mtume baba yako azungumze na wazee wenzake.

Ndimi shemeji yako,
Burito


Kiriba
29 Machi 1987

Wifi yangu,

Limesemwa. Naandika haraka kabla sijasahau mpangilio wake.

Nilimsomea mama barua yako. Siku hiyo dagaa hakuanika. Kesho yake akaniambia nimpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, Thadeo, unamjua, yule mwembamba anayependa kofia. Mama akamwambia anataka mkutano. Thadeo akasema mambo ya kifamilia yamalizwe kifamilia. Mama akasema kiwanja kiligawiwa na kijiji mlipooana, kwa hiyo kijiji kije kiseme chenyewe.

Mkutano ulifanyika Alhamisi penye ofisi. Sisi wa Tujengeane tulifika mapema tukakaa mbele, na udongo miguuni, tulikuwa tumetoka bondeni. Kaka Burito alisimama akazungumza vizuri, kama anavyojua, ukoo, mila, mali ya marehemu. Watu wengi waliitikia kwa vichwa. Nakuambia kweli, niliogopa.

Halafu mama akasimama kwa fimbo yake. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mabati ninayolala chini yake ni ya Justina. Niliambiwa kanipa. Hakunipa. Mwanangu alinidanganya, na yeye yule pale. Mimi naendelea kulala chini yake kwa sababu mwenye mali amesema nilale, siyo kwa sababu ya ukoo."

Hakuna aliyepiga makofi wala kucheka. Burito alitazama daftari la mwenyekiti kana kwamba limeandikwa jambo lake. Esta mkewe alikuwa amekaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni, na alikuwa akimtazama mama tu.

Thadeo na wajumbe wakaenda pembeni, wakarudi. Uamuzi: kiwanja ni cha nyumba ya Masatu, yaani wewe na watoto, mradi mkae. Lakini kuna watu wanaoomba viwanja, kwa hiyo mvua za vuli zikifika na hakuna kuta zilizosimama pale, kijiji kitampa mwingine. Burito aliondoka kabla hawajafunga.

Sasa ni juu yako. Na kikundi kina sharti, sitakuficha. Hajengewi mtu ambaye mikono yake haijaingia kwenye udongo wa wenzake. Siwezi kukuchimbia udongo kwa jina lako. Inabidi uje mwenyewe, uanze kiangazi kinapoanza.

Marcelina


Nyamuswa
26 Aprili 1987

Wifi yangu mpenzi,

Nilipofika kwenye maneno ya mama nilikwenda nyuma ya ghala nikalia, halafu nikarudi nikapalilia mpaka jua likatua. Mwambie amenirudishia kitu ambacho sikujua kama bado nakitaka.

Ila kuna jambo sikukuandikia. Hapa kuna mtu anaitwa Mayala, ana ng'ombe wengi, mke wake alifariki. Baba amempa neno kwamba nitaolewa naye. Baba hakuniambia, niliambiwa na mama mdogo, na kwa miezi sasa sote tunazunguka jambo hilo kama watu wanaozunguka nyoka ndani ya nyumba.

Usimfikirie baba vibaya. Anaitwa Mihayo mpole, ndivyo wanavyomwitaga hapa. Anaogopa tu. Anasema amezeeka, akifa leo kaka zangu watanitazama mimi na watoto kama wageni waliokaa sana. Kwake yeye, mwanamke ana paa la baba au paa la mume, la tatu hajawahi kuliona. Na mimi pia sijawahi kuliona.

Jumapili nilimwambia. Nilimweleza kikundi, vigae, uamuzi wa kijiji. Akaniuliza nyumba itakuwa ya nani. Nikasema yangu. Akauliza ya nani kabisa kabisa. Nikasema, "Yangu, baba." Akachukua fimbo yake akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshaangaliwa.

Huyo Mayala si mtu mbaya. Ndiyo maana ni vigumu. Kama angekuwa mbaya ningekuwa nimeshafika kwenu.

Niache nivune pamba kwanza, siwezi kumwachia baba pamba shambani. Baada ya hapo utapata jibu, na jibu litakuwa mimi au barua.

Justina


Bunda, stendi
19 Juni 1987

Marcelina,

Kikaratasi hiki nampa dereva wa gari la dagaa, anasema analala Musoma na kesho anapita kwenu. Sisi gari letu limeharibika, wanasubiri springi kutoka Mwanza, huenda tukakaa hapa siku mbili. Nimepata pa kulala kwa watu wa kanisa.

Baba alitusindikiza mpaka hapa. Alibeba magodoro yeye mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Alipogeuka kuondoka alisema, "Kama kuta hazikusimama, usione aibu kurudi." Nilitegemea maneno makali na nilikuwa nimejiandaa nayo. Hayo sikuwa nimejiandaa nayo.

Mtuchemshie chochote.

J.


Kiriba
6 Septemba 1987

Baba yangu Mihayo, shikamoo,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kwa muda mrefu habari zilikuwa mbaya, na sikutaka uzipokee mbaya. Sasa zimechanganyika, naweza kukuandikia.

Tulipofika tulifikia kwa mama mkwe. Alimshika Mbuke uso kwa mikono miwili akamtazama sana, anasema ni Masatu mtupu. Kesho yake nikaingia bondeni na wanawake. Baba, nilidhani najua kazi kwa sababu najua jembe. Udongo huu ni kitu kingine. Unachimbwa, unalowekwa, unakanyagwa kwa miguu mpaka uwe laini kama ugali wa mtama, halafu ndiyo unafyatua. Kigae kikiwa kinene kinapasuka motoni, kikiwa chembamba kinapinda kikikauka. Wiki za kwanza vya kwangu vyote vilitupwa. Fundi Rafaeli hacheki mtu, anakigonga tu kwa ukucha, anasikiliza, anakiweka pembeni.

Tulipiga matofali ya nyumba ya mwenzangu mmoja kwanza, tukachoma, tukajenga. Halafu ndiyo tukaanza yangu. Mwanzoni mwa Agosti matofali yangu yote yalikuwa yamepangwa kiwanjani yanakauka, wingu likatoka ziwani mchana kweupe, mwezi ambao hapa hawaonagi mvua. Tulikimbia na majani ya migomba na maturubai. Haikusaidia. Ilipokatika, pale palipokuwa na matofali palikuwa na tope limekaa kwa mistari. Nilikaa chini. Shemeji Burito alikuwa anapita na baiskeli, akasimama, akatazama, akaendelea.

Siku ile nilianza kufunga mizigo. Nilikumbuka ulichoniambia stendi na nikajiambia, sawa, sioni aibu. Getruda, mjane ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza, ndiye aliyenikuta. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia vuli inakuja, kuta hazitasimama, mmenipa zamu na imeharibika, apewe mwingine. Akasema, "Tumekupa? Zamu hii ilikuwa ya Marcelina." Kumbe nilipoingizwa kwenye kikundi wanawake walikataa. Walisema hawawezi kumjengea mtu aliyeondoka wakati wao wanasubiri. Marcelina akawaambia wachukue zamu yake wampe Justina, yeye atarudi mwisho wa mstari. Na hakuniandikia hata neno moja. Wifi yangu huyu anaandika barua ndefu na hilo hakuliweka.

Nilifungua mizigo. Nilikwenda bondeni nikamkuta yuko ndani ya shimo, na udongo mpaka kwenye nyusi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nina pa kulala, tena chini ya mabati yako." Nikachukua jembe.

Tulianza upya. Yale matope tuliyakanyaga tena, hayakupotea. Wanawake waliacha kwenda mwaloni kununua dagaa asubuhi, wakaja kwangu kwanza. Hata mama mkwe alikuja akakaa kivulini anachambua mawe kwenye udongo. Tanuru tumelichoma wiki mbili zilizopita, tumelilinda kwa zamu, na tulipolifungua matofali yalikuwa mekundu na yanalia ukiyagonga.

Kuta zimepita madirisha, baba. Mwenyekiti Thadeo alikuja akazipima kwa fimbo, akavua kofia akajipangusa jasho, akasema vuli ije tu.

Sasa nakuomba kitu. Zungumza na Mayala kwa heshima. Usimwambie nimemkataa, maana sikumkataa yeye. Mwambie nimejenga.

Mwanao,
Justina


Nyamuswa
4 Oktoba 1987

Mwanangu Justina,

Ninaandikiwa na katekista. Salamu zako nimezipokea.

Nilikwenda kwa Mayala. Nilimweleza kama ulivyosema. Aliuliza matofali ya kuchoma au mabichi. Nikamwambia ya kuchoma. Akasema basi, na tukaongea habari za ng'ombe.

Kaka zako wanauliza kwa nini nimekuacha. Nimewaambia waende wakaone kwanza.

Mimi mwenyewe nitakuja baada ya kupanda. Nataka kuona paa la udongo. Huku hakuna anayeamini.

Baba yako,
Mihayo


Butiama
12 Juni 1988

Mpendwa wifi na mwenyekiti wangu wa kikundi,

Cheo hicho usikikatae, ulichaguliwa mchana na mimi nilinyoosha mikono yote miwili.

Huku nilikoletwa ni kijiji kidogo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Butiama penyewe. Wanawake wa huku walisikia habari za nyumba zetu kanisani wakaomba mtu wa kuwafundisha, na Rafaeli akanitaja mimi. Nimekaa mwezi sasa. Udongo wao ni mwekundu kuliko wetu na unapasuka ovyo, tumeharibu tanuru zima. Wakasema kumbe ndiyo maana watu wanajenga kwa nyasi. Nikawaambia habari za matofali yako na mvua ya Agosti. Nilivyomaliza, mmoja akauliza, "Na huyo Justina sasa yuko wapi?" Nikasema yuko ndani ya nyumba yake anapika. Wakachukua majembe. Tumeanza kuchanganya na mchanga wa mtoni, naona unakubali.

Sasa niambie kweli. Mchuuzi wa sangara aliyepita hapa anasema kwa kaka Burito kumeungua. Anasema nyumba zote mbili na jiko, cheche za shambani na upepo. Hakujua kama kuna aliyeumia. Nimekaa na habari hiyo tangu juzi. Ni kaka yangu, Justina. Bado nina hasira naye, na chakula hakipiti.

Nasikia pia Esta amekuja kwenye kikundi kuomba. Sijui wewe umemjibu nini, na siwezi kukufundisha la kujibu. Kuhusu zamu yangu, kama mnaona watoto wa Esta watangulie, mimi sina neno. Nimezoea mwisho wa mstari.

Marcelina


Kiriba
3 Julai 1988

Marcelina wifi yangu,

Kula chakula. Hakuna aliyeumia. Waliungua mbuzi wawili na kila kitu kilichokuwa ndani. Esta na watoto wako kwa mama, wamejaa kama dagaa kwenye gunia, na mama anafurahi ingawa anajifanya kulalamika. Shemeji analala kwenye kibanda cha shamba.

Esta alikuja siku ya tatu. Alikuja kwangu kwanza, nyumbani. Tulikuwa hatujawahi kukaa peke yetu tangu msiba. Akasema siku ile Burito alipomwambia atanioa, hakumuuliza, alimjulisha tu, na nilipoondoka yeye Esta alishukuru, kisha akaona aibu kwa kushukuru, na tangu hapo ananikwepaga njiani. Nikamwambia na mimi nilikuwa nakwepa. Tukanywa uji.

Kwenye kikundi maneno yalikuwa makali. Wengine walisema aliyeezua mabati ya mjane akaonje nyasi. Sikuwanyamazisha, kwa sababu na mimi moyoni nilikuwa nao. Nilipopata nafasi niliuliza tu anayeomba ni nani. Wakasema ni Esta. Nikauliza Esta aliezua bati la nani. Amekubaliwa, kwa sharti lilelile la wote, na nyumba itakuwa kwa jina lake kijijini. Thadeo ameshaandika. Esta alilisoma jina lake pale, akaomba alisome tena.

Kuhusu zamu yako sikuliweka kwenye kura, na kikundi hakikuniomba. Umeshaitoa mara moja, na mimi ndiye ninayelala ndani yake. Nyumba inayojengwa kiangazi hiki ni yako. Ya Esta inafuata, na watoto wake wana bati juu yao mpaka hapo. Esta mwenyewe ndiye aliyesema iwe hivyo, kabla sijafungua mdomo.

Jumatatu tulianza kuchimba udongo wako. Jumanne, jua lilikuwa limeshapanda, niliona wanawake wameacha kazi wanatazama juu njiani. Shemeji Burito alikuwa anateremka bondeni na jembe begani. Amekonda. Alisimama ukingoni mwa shimo na hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza. Mimi nikiwa ndani ya shimo nilimwamkia. Akaitikia. Nilisubiri kama atasema neno, nikaona kwamba neno halipo, au lipo na hawezi kulitoa. Nikamwambia, "Udongo wa juu una mizizi. Anzia hapa."

Akavua viatu akashuka. Amekuja kila siku tangu siku hiyo. Anachimba vizuri, hata Getruda amekiri. Hajaniomba radhi na mimi simngojei, udongo wako ni mwingi na nahitaji mikono.

Msingi tunaupima wiki ijayo. Hujaniambia mlango utazame wapi. Mama anataka utazame kwake ili awe anakuona ukitoka. Mimi nasema utazame barabara, kwa sababu siku hizi hukaagi nyumbani. Andika upesi, maana tukishapanga tofali la kwanza sitalibomoa kwa ajili yako.

Justina Masatu